UZI: SSIH, kikundi cha Omega na Tissot: kipuri kimoja kiliwainua, utitiri wa vipuri ukawaangusha

Fundi Akrabu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila ikitajwa historia ya saa za Uswisi tunasikia maneno yale yale: Wajapani walileta saa za betri, Waswisi wakawa wamelala, wakaamka wamefilisika. Kwa SSIH maelezo hayo hayatoshi, na ukifungua saa zao za miaka ya 1970 mezani unaona kwa nini. Naomba tuijadili kwa vitu vinavyoshikika: kaliba (yaani aina ya mashine ya ndani ya saa), vipuri, bei.

Tuanze mbali kidogo. Louis Brandt alianza La Chaux-de-Fonds mwaka 1848 akikusanya vipuri kwa mafundi wa majumbani na kuunga saa. Mwaka 1880 wanawe wakahamia Biel na kuweka kazi yote chini ya paa moja. Mwaka 1894 ikatoka kaliba ya mistari 19 waliyoiita Omega. Mstari mmoja ni milimita 2.256, kwa hiyo mashine hiyo ilikuwa na kipenyo cha karibu milimita 43, ya saa ya mfukoni.

Ukuu wa kaliba ile ulikuwa kwenye usawa wa vipimo vya vipuri vyake. Kabla ya hapo gurudumu likivunjika, fundi alichonga jingine mwenyewe au aliagiza la kufanana kisha akalipiga tupa hadi likubali. Kipuri cha Omega kilitoka kiwandani na kipimo kimoja. Fundi wa mji wowote aliandika barua, kipuri kikaja, kikakaa mahali pake bila kuguswa na tupa. Jina la kaliba likawa na nguvu kuliko jina la familia, na 1903 kampuni nzima ikaitwa Omega.

Tissot wa Le Locle, wa tangu 1853, walianza kushirikiana na Omega mwaka 1925. Mdororo wa dunia ulipofika wakaunda SSIH rasmi mwaka 1930. Omega akabaki na saa za bei ya juu, Tissot za bei ya kati. Mwaka 1932 akaingia Lemania wa L'Orient, kwenye bonde la Joux, akiwa na kitu ambacho wale wawili hawakuwa nacho kwa kiwango hicho: kronografu, saa yenye kipima muda cha kuanzisha na kusimamisha. Mwaka huohuo Omega ilipima muda wa Olimpiki ya Los Angeles kwa kronografu 30.

Hadi hapo ni kikundi kidogo, kila mmoja ana kazi yake, hakuna anayemwingilia mwenzake. Shikeni hilo, tutalirudia.

Bint Pangani

Asante mkuu. Naomba ufafanuzi kidogo: SSIH na ASUAG ni kitu kimoja? Wengi humu huzichanganya.

Nukta Sitini

Dada, ni vikundi viwili tofauti hadi 1983.

SSIH ilikuwa ya watu wanaouza saa kamili zenye majina yao. ASUAG ilikuwa ya mashine ghafi, yaani mashine za saa ambazo hazijakamilishwa, na vipuri. Mwaka 1926 viwanda vya mashine ghafi vikiongozwa na A. Schild, Fontainemelon na A. Michel viliungana kuwa Ebauches SA. Mwaka 1931 benki, wenye viwanda na serikali ya shirikisho wakaunda ASUAG juu yake, ikamiliki Ebauches pamoja na watengenezaji wa balansi (gurudumu linaloyumba huku na huku kuhesabu muda), wa springi ile nyembamba kama unywele, na wa uma na gurudumu linaloachia meno kwa zamu. Eterna nayo iligawanywa mwaka 1932: upande wa saa ukabaki Eterna, upande wa mashine ukawa ETA na kuingia Ebauches.

Sababu ilikuwa biashara moja iliyowaumiza sana. Watu walikuwa wakiuza nje mashine ikiwa vipande vipande, mnunuzi anaiunga kwao ili akwepe ushuru wa saa kamili. Uswisi ikawa inawafundisha kazi wapinzani wake. Mwaka 1934 serikali ikaweka sheria: huwezi kufungua kiwanda cha saa, kukipanua au kupeleka vipuri nje bila kibali. Mfumo huo ulilegezwa kuanzia miaka ya 1960 na kumalizika 1971.

Kwa hiyo SSIH ilitengeneza mashine zake nyingi yenyewe, ila springi ya balansi na seti ya uma zilitoka kwa kampuni za ASUAG. Na kwa karibu miaka 40 hakuna aliyelazimika kupunguza kitu. Kiwanda kilichochoka kililindwa sawa na kilicho hai.

Kaliba Mkunga

Naomba kuongezea upande wa Lemania, maana hapo ndipo uzuri wa SSIH ulipo.

Mwaka 1942 Lemania walikamilisha kronografu ya CH 27, kazi ya Albert Piguet. Omega wakaiita 321 kwenye orodha yao. Namba 27 ni kipenyo kwa milimita. Ni mashine ya kutia ufunguo, mapigo 18,000 kwa saa moja, na kuanzisha, kusimamisha na kurudisha sifuri kunaongozwa na gurudumu la nguzo: kigurudumu chenye vinguzo vilivyosimama kama ngome ndogo. Kila ukibonyeza linazunguka hatua moja, mikono inaingia kati ya nguzo au inasukumwa nje. Speedmaster, kronografu ya Omega ya 1957, ilianza na hii.

Mwaka 1968 wakaja na 861. Gurudumu la nguzo likaondolewa, badala yake ikawekwa kemu, bamba la chuma lenye umbo linalosogea mbele na nyuma. Mapigo yakapanda hadi 21,600. Baadhi ya 861 zina breki ya plastiki ya Delrin. Wapo wanaoidharau kwa hilo, mimi siwaungi mkono. Gurudumu la nguzo ni gharama kulichonga na kulinyoosha, kemu inakatwa kwa mashine na kazi inafanyika vilevile. 861 ni mfano wa kupunguza gharama bila kumdhulumu mvaaji, na mashine za ukoo huo ziliendelea kutengenezwa miongo kadhaa baadaye.

Kama SSIH yote ingefikiri kama mhandisi wa 861, huu uzi usingekuwepo.

Fundi Akrabu

Umenena. Sasa tuingie kwenye kosa la kwanza, nalo lina tarehe: 1971.

Mwaka huo SSIH ilichukua Economic Swiss Time, mkusanyiko wa watengenezaji wa saa za bei ya chini za aina ya Roskopf. Lengo lilikuwa kuwa na idadi. Na idadi waliipata; kwa wingi wa saa SSIH ikawa miongoni mwa wakubwa wa dunia.

Kwa wasiojua Roskopf ni nini: fungua saa ya kawaida ya Kiswisi, utaona uma wenye mawe mawili ya rubi yaliyolala kwa mshazari. Meno ya gurudumu yanateleza juu ya rubi hizo. Kwenye Roskopf hakuna rubi pale, kuna pini mbili za chuma zilizosimama wima. Ni rahisi sana kutengeneza. Georges Frédéric Roskopf aliibuni saa yake mwaka 1867 ili mfanyakazi wa kawaida aipate kwa faranga 20, na kwa nia hiyo ilikuwa kazi ya heshima.

Tatizo ni kwamba chuma kinasugua chuma. Mafuta yakikauka, pini zinachimbika, ukiweka lenzi ya mara kumi unaona mfereji mdogo ubavuni mwa pini. Uma unaanza kucheza, saa inatembea ikiwa imelala na kusimama ikisimamishwa wima. Hapo kuosha hakusaidii. Ni kubadilisha uma, na uma mpya ukiupata unakaribia bei ya saa. Maandishi ya rubi 17 kwenye uso wa saa ya namna hiyo hayabadilishi kitu, kwa sababu mawe hayo hayako pale panapoumia.

Sasa angalia saa ya ukutani ya historia. SSIH inanunua biashara hii 1971. Mwaka 1976 Texas Instruments wanauza saa ya tarakimu ya betri kwa dola 20, mwaka uliofuata chini ya dola 10. Soko lote la chini ambalo SSIH ililinunua likayeyuka ndani ya miaka sita, na lilikuwa na viwanda, mafundi na ghala la vipuri.

Mzee wa Bandari

Mkuu napinga kidogo. Bado naona saa ya betri ndiyo iliyowaua. Seiko Astron, saa ya betri ya Wajapani, ilitoka Desemba 25, 1969. Waswisi walichelewa, hatuwezi kulikwepa.

Nukta Sitini

Ndugu, walichelewa kwa miezi minne tu. Kituo cha utafiti wa saa za elektroniki kule Neuchâtel, CEH, kilianzishwa 1962 kwa fedha za kampuni zenyewe za Uswisi. Mwaka 1967 walishakuwa na kielelezo kinachofanya kazi cha saa ya mkono ya kwatzi, jiwe linalotetema likipewa umeme wa betri. Aprili 1970 kwenye maonyesho ya Basel ikatoka Beta 21, na Omega alikuwemo. Yake aliiita Electroquartz, kaliba 1300.

Astron na Beta 21 zote zilikuwa na kwatzi ya mtetemo 8,192 kwa sekunde. Tofauti iko baada ya hapo. Saketi ya Beta 21 iligawa kwa mbili mara tano tu: 8,192 gawa kwa 32 unapata 256. Mitetemo hiyo 256 ikasukuma mota ndogo inayotetema, nayo ikasukuma gurudumu lenye meno madogo mno, ndiyo maana mshale wa sekunde wa Electroquartz unateleza bila kuruka. Inapendeza kuitazama, lakini inakula betri, ni nene, na mota ile ni ya kurekebishwa na mtu anayeijua. Seiko walimfanya mshale uruke mara moja kwa sekunde kwa mota ya hatua, na ndiyo njia ambayo dunia nzima imefuata. Leo kwatzi ni 32,768, yaani mbili ikizidishwa mara 15. Unaigawa kwa mbili mara 15 unapata pigo moja kwa sekunde.

Mashine za Beta 21 zilizotengenezwa ni takriban 6,000, zikagawanywa kwa kampuni karibu 20. Kila mmoja akapata chache, akaweka kwenye kasha zito la dhahabu.

Waswisi walikuwa na ujuzi. Kilichokosekana ni mtu wa kuchagua njia moja.

Fundi Akrabu

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Tazameni Omega peke yake alichoweka dukani kati ya 1970 na 1976, saa za betri tu:

Electroquartz, kaliba 1300, aliyoieleza mwenzangu. f300, mashine ya ESA 9162 yenye uma wa muziki unaotetema mara 300 kwa sekunde. Aliyeibuni ni Max Hetzel yuleyule wa Accutron, saa ya uma wa muziki ya kampuni ya Bulova. Megaquartz ya kHz 32, kaliba 1310. Megaquartz ya MHz 2.4, kaliba 1510, ambayo kwatzi yake inatetema mara 2,359,296 kwa sekunde, saa sahihi kupindukia na ghali kupindukia. Na Time Computer ya tarakimu nyekundu, inayowaka ukibonyeza.

Teknolojia tano. Kila moja ina betri yake, saketi yake, kifaa chake cha kupimia, kitabu chake cha mafundi. Muuzaji wa Omega katika mji wa kawaida alitakiwa kuwa na vyote. Kumbukeni kaliba ya 1894 ilipendwa kwa sababu fundi wa mbali aliweza kuitengeneza. Miaka 80 baadaye kampuni hiyohiyo inatoa saa ambazo fundi wa mbali anazirudisha Biel kwa posta.

Na hapo sijagusa za kutia ufunguo na za rota (zinazojitia ufunguo mkono ukitembea), ambazo bado zilikuwa nyingi.

Bint Pangani

Upande wa fedha je? Nasikia faranga ilichangia.

Mzee wa Bandari

Hilo nalijibu mimi. Kabla ya mfumo wa Bretton Woods, uliofunga viwango vya sarafu kwa dola, kuvunjika 1971, dola moja ilikuwa karibu faranga 4.30. Wastani wa mwaka 1978 ulikuwa chini ya faranga 1.80.

Chukua saa inayotoka kiwandani kwa faranga 100. Kwa 4.30 mnunuzi wa Marekani analipa dola 23. Kwa 1.80 analipa dola 55 na senti. Saa ileile, mishahara ileile, hakuna screw iliyobadilika, na Marekani ilikuwa soko kubwa la Omega na Tissot. Seiko wakati huohuo wanashuka bei kila mwaka.

Basi nakubali: betri peke yake haikutosha. Betri, faranga, na ghala lililojaa vitu vya aina mia.

Rubi Kumi na Saba

Wakuu mmeeleza vizuri. Kuna swali la kazi: mtu akiletewa Omega Genève ya miaka hiyo yenye kaliba 1481, vipuri anatafuta vya nini?

Kaliba Mkunga

Swali zuri, na lenyewe ni sura ya mgogoro tunaoujadili.

1480 na 1481 ni mashine za Tissot, 2480 na 2481, zilizopigwa chapa ya Omega. Mapigo 21,600, rubi 21. Kwa hiyo ukikosa kipuri chenye namba ya Omega, tafuta cha Tissot 2481. Mara nyingi kinapatikana kwa bei ndogo zaidi. Linganisha na cha zamani kwa kipimo kabla hujakipachika, hasa springi kuu.

Sasa iweke mezani pamoja na 565 ya miaka ya 1960. 565 ina mapigo 19,800, rangi ile nyekundu ya shaba, kazi safi hadi pasipoonekana. Ugonjwa wake unajulikana: ekseli ya rota inalika, rota inaanza kugusa kifuniko. Ukifungua kifuniko na kukuta mduara wa mikwaruzo kwa ndani, usitoe saa bila kushughulikia ekseli, vinginevyo vumbi la chuma litaingia kwenye magurudumu na utaiosha tena baada ya mwaka. Tarehe yake inarukishwa kwa kuvuta taji, yaani kifundo cha ubavuni cha kutia ufunguo, hadi mwisho, kila mvuto siku moja. Usifanye hivyo karibu na usiku wa manane, wakati meno ya tarehe yameshashikana.

1481 inatembea vizuri ikioshwa, siisemi vibaya. Lakini mnunuzi aliyelipa bei ya Omega alipata mashine ya Tissot. Ule mgawanyo wa 1930, Omega juu na Tissot kati, ukafa pale.

Nukta Sitini

Nimalizie mwenendo. Hesabu za 1981 zilionyesha hasara ya faranga milioni 142. Benki zikaingia na fedha, kikundi kikawa mikononi mwao. Mali ikaanza kuuzwa: Lemania ikaenda kwa wasimamizi wake 1981 na kuitwa Nouvelle Lemania. Jina la Blancpain, ambalo SSIH ilikuwa nalo tangu ilipochukua Rayville mwaka 1961, likauzwa kwa Jean-Claude Biver na Jacques Piguet kwa takriban faranga 22,000.

ASUAG nayo ilikuwa hoi. Benki zikamwita Nicolas Hayek achunguze, akashauri vikundi viwili viunganishwe, ikafanyika 1983. Mwaka 1985 Hayek na wawekezaji wenzake wakachukua hisa nyingi, jina likawa SMH. Tangu 1998 tunakiita Swatch Group. Lemania ikarudi nyumbani 1999 pamoja na Breguet, na Blancpain ilisharudi 1992, kwa bei ambayo haifanani kabisa na ile waliyoiachia.

Bint Pangani

Na Swatch yenyewe, ile saa ya plastiki ya betri, ilitoka upande gani, SSIH au ASUAG?

Fundi Akrabu

ASUAG, dada. ETA ya Grenchen chini ya Ernst Thomke, wahandisi Elmar Mock na Jacques Müller. Ilizinduliwa Zürich Machi 1, 1983. Lakini kuna jambo linaloniuma kila nikilifikiria.

Mwaka 1971 Tissot, yaani SSIH, walitoa Astrolon. Saa ya kutembea kwa springi ambayo sahani (bamba linalobeba mashine), madaraja (vibamba vinavyoshika magurudumu juu) na magurudumu yake mengi ni ya plastiki, haihitaji mafuta, na ina vipuri 52. Saa ya kawaida ina 90 na zaidi. Miaka 12 kabla ya Swatch! Swatch ina vipuri 51.

Tofauti ni hii. Astrolon iliondoa idadi ya vipuri ikaacha namna ya kuunga vilevile, na ndani bado kulikuwa na balansi na springi yake, vitu vinavyotaka mkono wa mtu. Swatch ilifuata njia ambayo ETA walishaijaribu kwenye saa nyembamba ya Delirium mwaka 1979, chini ya milimita 2: kifuniko cha nyuma ndicho sahani ya mashine. Kasha la Swatch linamiminwa kwa plastiki likiwa na mashimo ya ekseli tayari, kila kitu kinashushwa kutoka juu na roboti, upande mmoja tu, kisha kioo kinaunganishwa kwa mtetemo wa sauti ya juu na hakifunguki tena. Nyuma kuna kimlango cha betri unachozungusha kwa sarafu. Ya ukubwa wa kawaida inatumia betri namba 390.

Rubi Kumi na Saba

Kwa hiyo Swatch ikifa baada ya betri mpya hakuna la kufanya?

Kaliba Mkunga

Kabla hujakata tamaa: safisha vidaka betri kwa kijiti chenye spiriti, hakikisha betri ina volti 1.55 na imelala upande sahihi, kisha angalia kama mshale unatikisika kidogo bila kusogea. Ukitikisika, saketi inatuma pigo na kilichokwama ni magurudumu, mara nyingi unyevu au uchafu ulioingia kwa kimlango kilichopasuka. Usipotikisika kabisa, saketi au koili imekufa, na kwa sababu kioo kimeunganishwa hakuna njia ya kuingia bila kukikata.

Rubi Kumi na Saba

Nimekuelewa mkuu. La mwisho: Speedmaster ikiletwa imefungwa, mwenye nayo hataki ifunguliwe, nitajuaje ni 321 au 861?

Kaliba Mkunga

Itie ufunguo, iweke juu ya simu kwenye meza isiyo na kelele, rekodi sekunde 10, kisha sikiliza kwa mwendo wa taratibu na uhesabu. 321 itakupa mapigo 50, 861 itakupa 60. Ukipata kati ya hapo, umehesabu vibaya, rudia.